Vijiti vya Nkuba

Mwishoni mwa mwaka jana, vita vya Kagera vilipoanza, alipita kijijini kwetu bwana mmoja akikusanya chakula cha askari. Alikuwa na barua, na muhuri, na kila kitu. Nyumba zote alizopitia walikuwa wametoa bila maneno. Alipofika uani kwetu, wifi yangu Severina alikuwa amekaa kwenye mkeka anasuka kikapu, na hakuinua hata macho.

"Taja jina la mtu mmoja atakayekula," akamwambia.

Yule bwana akacheka. "Mama, ni jeshi zima."

"Jeshi zima halina mdomo. Mtu ndiye ana mdomo. Nitajie mmoja."

Bwana wa watu akajikuna kisogo, akatazama mlimani, mwisho akasema, "Mdogo wangu yuko huko mbele. Anaitwa Antoni." Wifi akaweka kikapu chini, akaenda bandani, akamfungulia mbuzi jike mwenye mimba. Majirani wakanong'ona kwamba uzee umemwingia kichwani kabla ya wakati. Mimi najua swali lile lilitoka wapi, na kuna jambo ninalolijua ambalo yeye mwenyewe halijui.

Mimi ni Damari. Nimeolewa na Didas Kalinga, kaka yake Severina, hapa kijijini kwetu juu ya barabara kuu, kabla hujafika Ifunda ukitoka Iringa. Ni Mlutheri niliyeingia katika nyumba ya Wakatoliki, na wanasema nilikuja na mahari mbili: chungu kimoja na ulimi. Severina alifiwa na mume akiwa bado kijana, akarudi kwa kaka yake na mtoto mmoja mgongoni, Helena. Tumeishi ua mmoja miaka ishirini na mbili. Tumegombana miaka ishirini na moja na nusu. Lakini akiumwa yeye mimi sili, nikiumwa mimi yeye halali.

Severina anasuka vikapu vya milulu, yale majani ya bondeni, na mkono wake unajulikana mpaka sokoni Iringa mjini. Ana tabia ya kumalizia ukingo kwa nyuzi tatu zinazopandana, halafu ncha anairudisha ndani na kuipitisha chini mara mbili, isionekane. Mimi nimejaribu miaka yote hiyo na ncha yangu hutokeza kama ndevu za mbuzi. Alimfundisha mtu mmoja tu, naye ni Helena.

Helena alimaliza darasa la saba, na mwaka wa sabini na tatu akateremka na wasichana wenzake kwenda Ubaruku, huko Usangu, kuvuna mpunga kwa kibarua. Wenzake walirudi. Yeye alipata mchumba, Shigela, kijana wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulikuwa umehamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Baada ya mavuno wakaja wakwe, wanaume wanne, wanaswaga ng'ombe kumi na wawili barabara nzima mpaka kwetu. Walitembea siku tisa.

Wifi alifunga lango.

"Sina mtoto wa kuwapa watu wa tope," alisema, kwa sauti ya kusikiwa. "Hawana kanisa, hawana mlima, kesho watahama na mwanangu kama kibuyu cha maziwa." Didas alimsihi. Hata katekista alimsihi. Wale wageni walilala kando ya barabara na ng'ombe wao siku mbili, na siku ya tatu wakawageuza. Kurudisha ng'ombe wa mahari ni tusi mahali popote, na kwa Wasukuma ni zaidi ya tusi. Mwenye umri mkubwa kati yao, mwembamba, mwenye kovu kwenye nyusi, alipita langoni peke yake akapiga makofi taratibu kwa heshima, akaaga, akaondoka. Huyo ndiye Nkuba, baba mdogo wa Shigela.

Helena alibaki huko na mumewe. Aliandika barua mbili. Wifi hajui kusoma, na mimi ndiye msomaji wa nyumba hii. Lakini hakunipa nisome. Alizitia chini ya godoro zikiwa zimefungwa, na ole wako uziguse wakati wa kutandika.

Basi ikaja masika ya mwaka sabini na nane. Mvua ilinyesha huku juu mpaka kuta zikaota ukungu, na maji yote ya milimani yakateremka Usangu. Habari tulizipata kwa madereva wa malori waliosimama kunywa chai barabarani: mito imevunja kingo, Ubaruku ni ziwa, mpunga umekwenda, nyumba zimekwenda, ng'ombe wanaelea matumbo juu. Siku hiyo wifi alipakua ugali, akautazama, akaurudisha sufuriani. Nilimwambia, "Wifi, panda lori ukamtazame mwanao." Akanijibu, "Nikifika nitamwambia nini?"

Sasa, akina mama wa kigango, lile kanisa dogo la kijijini, walikuwa na shamba lao la pamoja, na wifi alikuwa mshika ufunguo wa ghala. Mlemle ndani kulikuwa na magunia kumi na manane ya mahindi na matano ya maharage, akiba ya mpaka mavuno mapya. Jumapili baada ya ibada, hata kabla hajafungua mdomo, wanawake wenyewe walisema watoe. Tulikuwa hatujasahau njaa ya sabini na nne, tulipokula unga wa njano uliokuja kwa meli na kushukuru. Kutoa ni moyo. Swali lilikuwa moja tu: tumpe nani apeleke? Wakasema, "Severina ataamua. Akisema ndiyo, ni ndiyo."

Mwenyekiti wa kijiji alitupa onyo pale pale. Katika kijiji cha jirani mzee mmoja alikuwa ametapeliwa na mtu aliyemwambia mwanawe amelazwa Mbeya na anahitaji fedha za damu. "Mtu asiye na karatasi msimpe hata punje," alisema. "Karatasi, sahihi, muhuri. Basi." Maneno ya busara, na sisi tukayashika kama amri kumi za Mungu.

Alhamisi mwenye karatasi akaja. Alijiita Marcelino, katibu wa kamati ya misaada ya maafa ya nyanda za juu. Suti ya kaunda ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, mkoba wa ngozi. Alitoa barua yenye muhuri wa duara, katikati mlima na jembe. Akatoa na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni, akiandika juu, maneno yanatokea chini kwa rangi ya bluu. Mimi msomaji wa nyumba nilikishika kile kitabu kwa mikono miwili.

Wifi akamwuliza, "Utawapa akina nani?"

"Waathirika wote wa bonde, mama."

"Wa Ubaruku?"

"Wa bonde zima. Kamati haifanyi kazi kwa majina. Tukianza majina, tunaanza upendeleo."

Nilimtazama wifi usoni na nikaona jibu lile limemwingia vizuri. Nilimwelewa. Mahindi yangefika bila jina lake. Helena angekula na asijue aliyetuma, na yeye asingelazimika kupita mbele ya wakwe aliowafungia lango. Alitaka kumlisha mwanawe bila kumwomba radhi. Marcelino akasema lori litakuja Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, jua likiwa la saa nne, akaingia Nkuba.

Sikumtambua mpaka nilipoona kovu. Alikuwa amevaa kaptula na gunia lililotobolewa shingo, na miguu imevimba. Alisimama langoni, akapiga makofi yale yale taratibu. "Mwadila," akasalimia kwa Kisukuma, halafu akakumbuka aliko, akasema kwa Kihehe, "Kamwene." Wifi akaitikia kwa midomo tu.

"Mama mkwe," alisema Nkuba, "mimi natoka Ubaruku. Siku ya nne njiani. Maji yamekula watu. Tuliobaki tuko juu ya tuta la mfereji, kaya thelathini na moja. Nimetumwa na wenzangu. Hatuombi nguo, hatuombi kitu kingine. Chakula tu."

Akapiga magoti, akafungua kitambaa, akatoa tita la vijiti, kila kimoja urefu wa kidole cha kati. Akavichomoa kwenye kamba iliyovishika, akavitandaza mkekani. Kila kijiti kilikuwa kaya moja, na kila mkato kwenye kijiti ulikuwa mdomo mmoja. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alivipitia vyote kwa kidole. "Huyu ni Seni, midomo saba. Huyu ni bibi yake Seni, yuko peke yake, haoni. Huyu Nyamizi, mjane, midomo mitano, mmoja anaumwa. Hiki," akasema, akakisogeza karibu na goti la wifi, "ni cha Shigela. Midomo minne. Mwanao yumo."

Wifi alikitazama kile kijiti bila kukigusa.

"Helena anajua kuandika," alisema. "Kwa nini hakuandika?"

"Karatasi zote zimekuwa uji, mama."

"Barua ya balozi wako iko wapi?"

Hapo msimlaumu upesi. Miaka hii mtu hatoki kijiji kimoja kwenda kingine bila barua ya balozi wa nyumba kumi. Ukilala ugenini bila barua, mwenyeji wako anaulizwa. Hata kuku ukimsafirisha, unaulizwa barua. Swali la wifi lilikuwa swali la kawaida kabisa.

Nkuba akainamisha kichwa. "Balozi wetu amekufa maji," akasema. "Yeye na karani wake wa kijiji. Hakuna wa kuandika."

Wifi akaniangalia mimi. Na mimi, Damari, msomaji, nikamvuta pembeni jikoni. Nikamwambia, "Wifi, tapeli gani asiyejua majina ya watoto wa watu? Huyu ana vijiti. Yule ana muhuri. Karatasi haidanganyi." Tena nikaongeza, maana ulimi wangu haujui kusimama: "Na ulivyowafungia lango, huoni kama wamekuja kukulipa? Ukimpa mahindi ya kigango akayauza njiani, wanawake watakufanya nini?"

Akatoka. Akamwambia Nkuba kwamba mahindi yameshapangiwa njia, kuna kamati, kuna gari. Nkuba hakubisha. Aliomba debe moja tu abebe kichwani. Wifi akasema ghala si lake, ni la akina mama, hawezi kutoa bila kuandika. Akaingia ndani upesi, na nikamsikia akijipiga kifuani kwa ngumi, taratibu, kama mtu anayegonga mlango.

Nilimpa Nkuba sahani ya ugali na maharage. Alikula nusu. Nusu akaifunga kwenye kile kitambaa cha vijiti. Nilikasirika, nilidhani amedharau chakula changu. Mungu anisamehe, nilisimama pale nimeshika kiuno nikinuna, na mtu anawabebea wenzake matonge mwendo wa siku nne.

Vile vijiti akavichomeka tena ndani ya kamba yao, akaviweka mkononi mwangu. "Mpeni mwenye gari," alisema, "ajue kila kaya, asimsahau yule bibi asiyeona."

Nikamsindikiza mpaka barabarani, kwa adabu tu. Tulikuwa wawili. Akaniuliza, "Dada, kule tuta limezungukwa. Wenye nguvu wanaweza kuvuka kwenda Rujewa kutafuta zahanati na chakula, tukiwabeba wagonjwa. Nilikuwa nawaza nikifika, tuondoke. Wewe unasemaje? Gari litafika kweli?"

Mimi nilikuwa nani hata nimjue Marcelino? Lakini mtu akiulizwa na mgeni aliyechoka, anataka kutoa kitu, na mimi sikuwa nimetoa kitu. Nikatoa neno.

"Litafika," nikasema. "Kesho linapakia. Kawaambie wasihangaike, wasubiri hapo hapo kwenye tuta. Wakiondoka gari litawakosa."

Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili.

Jumamosi lori lilikuja, kweli. Wanaume walipakia magunia yote ishirini na matatu, wanawake wakapiga vigelegele. Marcelino akaandika stakabadhi, akagonga muhuri, akampa wifi nakala ya bluu. Nikampa vile vijiti, nikamweleza. Akacheka mpaka kalamu ikadondoka mfukoni. "Mama, hizi ni kuni," akasema, akanirudishia. Nami nikacheka naye, nisionekane mshamba. Nikavitupa jikoni kwenye kuni.

Siku zikapita. Wifi alikuwa anatembea wima, anasalimia watu. Kila lori likitoka upande wa Mbeya alikuwa anasogea barabarani kusikiliza. Alhamisi ya pili, siku ya kumi na tatu tangu Nkuba aondoke, mvua ilikuwa imelowesha kuni zote nami natafuta chochote kikavu cha kuwashia moto. Nikaliona lile tita. Nikaanza kulifungua kamba nichukue viwili vitatu.

Kamba haikufunguka. Nikaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa ya milulu, nyuzi tatu zinazopandana, na ncha haionekani. Imerudishwa ndani, ikapita chini mara mbili.

Nilikaa palepale kwenye majivu.

Nikampelekea wifi. Aliipitisha kamba kati ya vidole kama anavyopitisha rozari, akafika kwenye ncha, akasimama. "Huu mkono wa Helena," akasema. "Aliniandikia. Aliniandikia kwa ninachojua kusoma." Halafu akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, na Didas akaja mbio kutoka shambani na jembe mkononi akidhani ni nyoka.

Hatukungoja. Wifi alikung'uta kihenge chake mwenyewe, chakula chake mpaka Juni, gunia moja na nusu. Mimi nikaongeza nusu gunia langu, na Didas akatubebea mpaka barabarani. Dereva wa lori la mbao, Gideoni, mtu wa Iyunga, alitupakia bure juu ya mbao mpaka Igawa. Njia nzima kila tulipopita kituo wifi alishuka kuuliza: mmeona lori la kamati ya maafa? La magunia ishirini na matatu? Makambako hawakuliona. Chakula kingi kilipita, walisema, lakini cha biashara. Igawa mwenye mizani alitutazama kwa huruma. "Mama, hakuna kamati iliyopita hapa," akasema. "Waliopita ni masista na gari lao la wagonjwa, na vijana wa misheni na boti. Kamati hatujaiona." Wifi akatoa ile stakabadhi ya bluu kifuani, akaiangalia, akaikunja tena vizuri akairudisha. Sijui kwa nini aliitunza. Miezi mitatu baadaye polisi walimkamata Marcelino upande wa Njombe, na muhuri ule ulikuwa umechongwa kwa kisu kwenye soli ya kandambili. Magunia hayakuonekana tena.

Kutoka Rujewa trekta ilitubeba mpaka ilipozama. Palipobaki tulitembea, maji yakitufika magotini, magunia juu ya vichwa vya vibarua wawili na sisi wenyewe. Harufu ya mizoga ilikuwa imeshika hata mate mdomoni. Wifi alikuwa mbele. Mwanamke aliyekuwa anasema watu wa tope, tope lilimrukia mpaka kiunoni na hakulitazama.

Tuta tuliliona kwa mbali kwa sababu ya moshi mdogo. Watu walikuwa wamekaa kwa mstari, mgongo kwa mgongo, na ng'ombe wachache wamesimama kati yao, mbavu nje. Hawakukimbilia magunia. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Waligeuza vichwa tu, kama watu waliosahau walichokuwa wanangoja.

Nkuba akasimama kwa shida. Nilimpa vile vijiti bila kumtazama machoni. Akavipokea kwa mikono miwili, akaketi, akaanza kazi yake bila kupoteza muda, akichukua kimoja kimoja, akiita, nami nikipima kwa bakuli kulingana na mikato.

"Seni, midomo saba." Akaja mtu. "Sita," akasema. Nkuba akachukua kisu, akauchonga mkato mmoja mpaka mti ukawa laini, akaniambia, "Sita." Nikapima sita.

Kijiti cha bibi asiyeona alikishika, akakiweka nyuma yake bila kuita.

"Nyamizi, mitano." Mitano, ilikuwa mitano, tukamshukuru Mungu.

"Shigela, midomo minne."

Akaja Helena. Nilimjua kwa mwendo tu, uso haukuwa wake. Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu. Shigela alikuwa amelala nyuma yao, anapumua kwa homa. Helena alimwona mama yake, akasimama, wakatazamana, na hakuna aliyesogea.

"Mitatu, baba mdogo," alisema Helena.

Nkuba hakunyanyua kisu haraka. Alikigeuza kijiti mara mbili. Halafu akachonga.

"Alikuwa na mwaka na nusu," Helena akamwambia mama yake, sauti kavu. "Kuharisha. Jumatano. Jina lake Severina. Nilikuandikia kwenye barua, alipozaliwa."

Wifi akaanguka kwenye tope la tuta. Hakulia kwa sauti. Alishika miguu ya mwanawe, akaweka uso juu ya nyayo, na midomo yake ikawa inasema neno moja ambalo sikulisikia, na halikuwa langu kusikia. Helena alimwacha muda mrefu. Mwishowe akachuchumaa, akaweka mkono kwenye kichwa cha mama yake.

"Nilitaka tuondoke, mama," akasema. "Wenzetu wa tuta la pili walivuka kwenda Rujewa mwanzoni, wakapata dawa, wakapata uji, watoto wao wako hai. Sisi tulikuwa tumeshafunga mizigo. Baba mdogo akarudi akasema Wahehe wamesema tusubiri hapa hapa, gari linakuja. Tukasubiri siku kumi na mbili."

Wifi akainua uso. Tope lilikuwa kwenye nyusi. "Nani alisema msubiri?" akauliza. "Mimi sikusema hivyo. Mimi sikumwambia mtu asubiri." Akamgeukia Nkuba, na watu wote wa tuta wakamgeukia Nkuba. "Nani alikwambia?"

Bakuli lilikuwa mkononi mwangu. Nilitaka kusema. Nasema kweli, neno lilifika mpaka kwenye meno.

Nkuba alinitazama. Aliniangalia kidogo tu, kama alivyokuwa anaangalia kila kijiti kabla ya kuita. Halafu akatazama kisu chake.

"Ni mimi mwenyewe," akasema. "Hakuna aliyeniambia. Nilirudi mikono mitupu, nikaona haya. Nikawapa maneno."

Mwanamke mmoja upande wa ng'ombe akaanza kumlaani kwa Kisukuma. Seni, aliyekuwa na midomo sita, akatema mate chini mbele ya miguu yake. Nkuba hakujitetea. Wifi alimtazama kwa macho ambayo ameendelea kumtazama nayo mpaka leo. Helena na mumewe sasa wanakaa kwetu, ng'ombe wa mahari wamepokewa, lakini jina la Nkuba halitajwi katika ua huu, na alipokuja kusalimia baada ya mavuno alipiga makofi langoni mpaka akachoka, akaenda zake. Nilikuwa ndani. Nilimsikia.

Siku ile kwenye tuta alichukua kijiti kilichofuata, akasafisha koo, akaita jina. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kupima mahindi.